Kuhoji vita sio kumtupa askari

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kwenye ukurasa wenu wa maoni barua ya msomaji mmoja aliyesema kwamba anayepinga vita hawezi kudai anawaunga mkono askari, ati ni unafiki, mtu achague moja. Nimeirudia kuisoma manake nilidhani labda sijamuelewa, lakini alimaanisha hivyo hivyo, na najua hayuko peke yake, maneno haya yanatoka karibu kila nchi inapoingia vitani na watu wanaishia kufunga midomo hata kama rohoni wana maswali. Mimi nina kaka yangu jeshini. Nampenda, kila akipelekwa nalala na simu karibu na sikio, na vita aliyopelekwa safari hii naamini haikuwa na sababu ya kutosha. Sijaona bado hapo unafiki uko wapi.

Tuanze na nani aliamua. Askari hakai kwenye kile kikao cha kuamua vita, haulizwi, anapewa amri na tarehe ya kuondoka anafunga begi anaenda, na akikataa ana mahakama yake ya kijeshi inamsubiri. Sasa mimi nikisema uamuzi ulikuwa mbaya namsema aliyeamua, sio aliyefunga begi. Wazee walisema mjumbe hauawi na hata sheria za dunia zimefuata njia hiyo hiyo. Kule Nuremberg baada ya Vita Kuu ya Pili, kosa la kupanga na kuanzisha vita ya uchokozi walishtakiwa nalo wakubwa wa utawala wa Hitler, hakuna aliyemfuata koplo wa kawaida kumuuliza kwa nini Ujerumani ilivamia Poland. Na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague, iliyopewa uwezo wa kusikiliza kesi za uchokozi kuanzia Julai 2018, inasema kosa hilo ni la mtu mwenye mamlaka ya kuongoza siasa au jeshi la nchi, basi. Kama majaji waliweza kutenganisha mambo haya mawili, sisi tunashindwa nini?

Ila hapo hapo niseme, kumuunga mkono askari hakumaanishi kila anachofanya akiwa na bunduki ni halali. Kuanzisha vita ni swali moja, namna ya kupigana ni swali lingine, na hilo la pili askari analijibu mwenyewe, amri ya mkubwa haimsafishi. Machi 1968 huko My Lai, Vietnam, askari wa Marekani waliua mamia ya wanakijiji, wanawake, wazee na watoto, alafu rubani mmoja wa helikopta, Hugh Thompson, naye Mmarekani, akatua katikati ya askari wenzake na wanakijiji waliobaki akaanza kuwaokoa. Ilichukua miaka 30 jeshi likampa nishani, 1998. Mimi nikisema naunga mkono askari nataka Thompson ndio awe mfano, yule aliyelinda heshima ya sare pale wenzake walipoichafua, na watu wanaodhani uzalendo ni kufunika maovu wanawadhulumu hasa askari wa aina yake.

Sasa twende kwenye hoja yenyewe ya yule msomaji. Alisahau kwamba mara nyingi walioonekana wasaliti kwa kuuliza maswali ndio waliokuwa wanapigania uhai wa askari kuliko wapiga ngoma za vita. Machi 2003, siku chache tu kabla mabomu hayajaanza kuanguka Iraq, Robin Cook alijiuzulu kwenye baraza la mawaziri la Uingereza. Huyu aliwahi kuwa waziri wa mambo ya nje, alizijua faili, na alisimama bungeni akasema ni uongo kudai kwamba wanaounga mkono vita peke yao ndio wanaounga mkono askari, ni halali kabisa kuwaunga mkono huku unatafuta njia nyingine isiyowaweka hatarini. Wabunge walimpigia makofi, kitu ambacho kwenye bunge lile ni nadra sana, alafu kesho yake bunge hilo hilo likapiga kura ya kwenda vitani. Askari 179 wa Uingereza walikufa kwenye vita ile, na Wairaki waliokufa ni wengi mno kuliko hao, na silaha za maangamizi ambazo wananchi waliambiwa Iraq inazo hazikupatikana.

Ripoti ya uchunguzi wa John Chilcot kuhusu Uingereza kuingia vita ile ya Iraq ilitoka Julai 2016, miaka 13 baadaye. Ilisema njia za amani hazikuwa zimekwisha na kwamba Saddam Hussein, aliyekuwa rais wa Iraq, wakati ule hakuwa tishio la haraka. Watu wengi wanaikumbuka kwa hilo, mimi kilichoniuma zaidi ni sehemu inayohusu vifaa. Askari walikuwa wanapiga doria kwa Land Rover zenye bodi jepesi kwenye barabara zilizojaa mabomu ya kutegwa, wenyewe waliziita majeneza ya magurudumu, na ripoti ikasema wizara ya ulinzi ilichelewa kuleta magari yenye kinga ya kutosha. Vijana wanakufa kwenye gari ambalo kila mtu anajua halifai, na nyumbani ukiuliza unaambiwa unawavunja moyo! Familia za waliokufa ndio walikuwa mstari wa mbele kudai uchunguzi, wengine wakaenda hadi mahakama ya juu kabisa ambayo mwaka 2013 ikakubali kwamba wanaweza kuishtaki serikali kwa uzembe. Hebu mtu aniambie kama mama wa marehemu naye tumuweke kwenye kundi la wasiounga mkono askari.

Na sio raia tu wanaouliza. Desemba 2004 kule Kuwait, waziri wa ulinzi wa Marekani Donald Rumsfeld alikuwa anaongea na wanajeshi wanaojiandaa kuingia Iraq, mmoja wao akasimama mbele ya wenzake akamuuliza kwa nini wanalazimika kuchokora vyuma chakavu kwenye jalala ili wayazibe magari yao. Ukumbi mzima ukashangilia. Waziri akajibu kwamba unaenda vitani na jeshi ulilonalo, sio jeshi ambalo ungetamani kuwa nalo. Lakini ile vita Marekani ndiyo iliyoianzisha, kwa tarehe waliyoichagua wenyewe, sasa kama vifaa havijakamilika nani aliwakimbiza? Swali la vifaa na swali la sababu ya vita yanakutana hapo hapo, huwezi kuniruhusu niulize moja ukanikataza lingine, manake vita isiyokuwa na ulazima ndiyo ambayo ungeweza kusubiri.

Najua hoja ya upande wa pili na siidharau. Wanasema askari akiwa kwenye handaki akasikia nyumbani watu wanabishana kama kazi yake ina maana anakata tamaa, na adui naye anafurahi. Hilo linanigusa kwa sababu nina mtu wangu huko. Nilimuuliza kaka yangu akaniambia wanaongea wenyewe hayo hayo usiku, tena kwa ukali kutuzidi, na kinachowavunja moyo sio mjadala wa magazetini, ni kuambiwa watarudi mwezi fulani alafu muda unaongezwa bila maelezo, ni rafiki kuumia na kutojua amepelekwa wapi. Sisemi kaka yangu ni sauti ya askari wote, wapo wanaoamini vita yao kwa moyo wote na hao pia nawaheshimu. Nasema tu tusiwafanye watoto wadogo wasioweza kusikia watu wazima wakibishana.

Kitu ambacho kweli kinamtupa askari ni kufichwa. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya jeshi la Kenya pale El Adde, Somalia, ilishambuliwa na al-Shabaab na wanajeshi wengi sana waliuawa. Rais wa Somalia wakati ule, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja hadharani idadi inayokaribia 200, Kenya ikaikataa, lakini yenyewe haikutoa hesabu yake, familia zikabaki zinaokoteza habari kwenye simu na kwenye mazishi ya jirani. Mtu unaweza kuwa na msimamo wowote kuhusu operesheni ile ya Kenya kuingia Somalia iliyoanza Oktoba 2011, uone ilikuwa lazima kwa usalama wa mpaka au uone ilikuwa kosa, lakini mjane ana haki ya kujua mumewe yumo kwenye hesabu ya nchi. Kuwahesabu waliokufa na kuwataja ndio heshima ya kwanza kabisa. Ukiificha idadi kwa hoja ya kulinda morali basi umemlinda nani, aliyekufa au aliyempeleka?

Wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza nao hawajawahi kuniondoka akilini. Waingereza na Wajerumani waligombana kwa mambo ya Ulaya, wakachukua watu wa Afrika Mashariki kwa maelfu na maelfu kubeba risasi na chakula, wengi kwa kulazimishwa, na waliokufa wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa kuhara, malaria na njaa njiani. Hesabu kamili haikuandikwa. Majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yametokana na hao hao, kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa kama vita ni ya haki na kwa maoni yangu haikuwa, lakini nani leo atasema wasikumbukwe kwa sababu vita yao ilikuwa ya kijinga? Tunawakumbuka na tunailaani ile vita kwa pumzi moja, na tunajisikia sawa kabisa.

Kwa wenzangu tunaopinga vita nina neno pia, manake tuna makosa yetu. Kuna watu upande wetu wakisikia askari amekufa wanaandika ati alijua alichokifuata, ni mshahara wake. Huo ni ukatili. Wengi wanaingia jeshini kwa sababu wanapenda nchi, wengine kwa sababu ndio ajira ya kueleweka iliyokuwepo, na hakuna hata mmoja wao aliyesaini mkataba unaochagua ni vita gani atapelekwa, na sisi wapiga kura ndio tuliowaweka madarakani waliomchagulia. Ukienda msibani nenda na mkono wa pole, yale ya sera yasubiri, usimuulize mama kijana wake alikufa kwa ajili ya nini. Akitaka kuuliza atauliza yeye, na siku hiyo simama naye.

Wamarekani walilipata hili kwa shida sana baada ya Vietnam. Nchi iligawanyika vibaya na wengi waliorudi wanasimulia kwamba watu hawakutaka hata kuwasikia. Mwaka 1982 ukuta wa kumbukumbu ukafunguliwa Washington, umechorwa na Maya Lin akiwa bado mwanafunzi, mawe meusi yenye majina zaidi ya 58,000 na hausemi kama vita ilikuwa ya haki au ya dhuluma. Kuna waliochukia mwanzoni wakaona ni aibu, leo aliyeunga mkono vita na aliyeandamana kuipinga wanakuja kugusa jina lile lile. Lakini ukuta pekee haumtibu mtu. Wale askari waliopuliziwa dawa ya kuua majani, ile ya Agent Orange iliyomwagwa mpaka 1971, walisubiri hadi 1991 kupata sheria ya kutambua magonjwa yao, na Wavietnam waliomwagiwa wakiwa kwenye mashamba yao wamesubiri zaidi. Waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka kwenye kambi za Iraq na Afghanistan sheria yao kubwa imepita Agosti 2022. Na ilikaribia kukwama kwenye seneti, kwa watu ambao wanavaa bendera kwenye koti kila siku.

Ndio maana siku hizi mtu akiniambia anaunga mkono askari simuulizi anaipendaje vita, namuuliza bajeti ya hospitali ya jeshi iko wapi, mjane analipwa baada ya muda gani, aliyerudi akawa hapati usingizi usiku anapelekwa kwa daktari gani. Stika kwenye gari ni rahisi, makofi uwanjani ni rahisi. Hata Mwalimu Nyerere, Novemba 1978 alipowatangazia Watanzania kwamba wanaenda kumpiga Iddi Amin aliyekuwa amevamia Kagera, aliwaambia uwezo upo, sababu ipo na nia ipo. Sababu aliitaja waziwazi mbele ya wananchi, na ilikuwa sababu ambayo mtu angeweza kwenda Kagera akaiona kwa macho. Kiongozi asiyeweza kufanya hivyo asijifiche nyuma ya sare ya kijana wa watu akasema anayeniuliza mimi anamtukana yeye.

Ombi langu kwenu gazetini, Ndugu Mhariri, ni moja. Kila mbunge anayesimama kuunga mkono jeshi lipelekwe mahali, mwandishi wenu amuulize siku hiyo hiyo askari wanaenda kufanya nini hasa, watarudi lini, na waliojeruhiwa safari iliyopita wanatibiwa wapi na kwa fungu gani. Majibu yachapwe na jina lake, alafu baada ya mwaka mrudi kwake na maswali yale yale.

Ni mimi msomaji wenu,
Dada wa askari