Nyumba ya wapangaji ichorwe na aliyeingia ndani yake

Mhariri,

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Nakuru nasikia ikisemwa kwamba msanifu majengo ni wa matajiri wanaojenga maghorofa. Eti anayeigawa nyumba ya zamani ili apangishe anahitaji fundi hodari na ramani ya bei nafuu tu. Napinga kauli hiyo kwa nguvu zote.

Mimi ni mwuguzi mstaafu. Pamoja na ndugu zangu tunaigeuza nyumba ya marehemu baba yetu, mtaa wa Section 58, iwe makao ya familia nne. Mtu wa kwanza kutujia alituahidi ramani yenye mhuri bila hata kuomba kuiona nyumba. Kaka yangu alipomwuliza mhuri ni wa nani na nambari yake ya usajili ni ipi, jamaa alikasirika akaenda zake. Kuuliza vile ni haki ya kila mwenye nyumba. Sheria ya Kenya, Sura ya 525, inamkataza mtu kujiita msanifu majengo kama hajasajiliwa na bodi iitwayo BORAQS.

Msanifu tuliyempata baadaye, mama mmoja mtulivu, alianza kwa kupima kila chumba. Akaagiza msingi ufukuliwe pembeni auone ulivyo, maana udongo wetu huu wa majivu ya volkano hausubiri mvua nyingi kabla ya kutitia. Ukuta tuliotaka kuubomoa kumbe ndio uliobeba paa, na hapo akasema lazima aitwe mhandisi. Shimo la maji taka nalo lilichimbwa kwa ajili ya familia moja.

Lakini lililonigusa zaidi ni madirisha. Sisi tulitaka vyumba vingi, na viwili vya katikati vingekosa dirisha kabisa. Alikataa kuvichora. Mhariri, nimehudumu wodini miaka mingi. Kifua kikuu husambaa kwa hewa, na hustawi palipo na watu wengi na hewa isiyotoka. Nimewapa dawa mama na watoto wake waliolala chumba kimoja kisichopata jua, kisha wakarudi kulala humo humo. Tukizungumzia majengo mabaya tunataja Huruma, Nairobi, ghorofa lililoporomoka Aprili 2016 na kuua makumi ya watu, na ni sawa tusisahau. Ila chumba kisicho na dirisha nacho huua, polepole, wala hakuna mwandishi wa habari anayefika.

Tumepoteza chumba kimoja cha kodi kwa ajili ya uwazi wa kuingiza hewa na mwanga. Ndugu zangu walinung'unika kidogo, wakakubali.

Nina ombi kwa wasanifu wa Nakuru na wa magharibi yote. Wenye nyumba wengi hawawafuati kwa sababu wanaogopa bei wasiyoijua. Tangazeni ada ya kuja kuikagua nyumba kwa mara ya kwanza, mbali na ada ya ramani na ya kusimamia kazi, ili mjane mwenye nyumba yake moja Kaptembwo au Manyatta ya Kisumu ajue aweke akiba ya kiasi gani kabla hajampigia fundi simu.

Mwuguzi mstaafu,
Section 58, Nakuru