Mwanangu alidhani mama yake anakufa

Mhariri,

Toleo lenu la Jumapili lilikuwa na makala ya ukurasa mzima kuhusu familia na hofu za maisha. Mke wangu aliisoma kwa sauti jikoni, mimi namenya viazi. Alipofika kwenye ushauri wa nne, ule unaowataka wazazi wawakinge watoto na habari mbaya za nyumbani mpaka mambo yatulie, akanyamaza. Akanitazama, nami nikamtazama. Kisha akalikunja gazeti. "Baba watoto, hawa waandikie."

Basi nawaandikia. Jina langu mnalo, ila naomba msilichape. Wanangu wanasoma hapahapa mjini, na wenzao wanajua kusoma.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Makambako. Mke wangu alikuwa karani wa takwimu kwenye kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU, ile ambayo huku kila mtu anaiita CTC, basi. Alikuwa anapokea kadi ya mgonjwa, anaingiza kwenye kompyuta tarehe aliyokuja, dawa alizochukua na siku ya kurudi. Asiyetokea siku yake, jina lake linaruka kwenye orodha, anapewa mhudumu wa jamii amfuate nyumbani. Mshahara ulikuwa wa mradi, na mradi ulikuwa wa fedha za Marekani. Sisi watu wa Njombe hatuhitaji kuelezwa uzito wa kazi hiyo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulituweka juu ya mikoa yote kwa maambukizi ya VVU: asilimia 12.7 ya watu wazima, wakati taifa zima ni 4.4.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Haukupita muda, ujumbe ukaingia kwenye simu ya mke wangu, jioni, tunakula. Akae nyumbani mpaka atakapojulishwa. Baadaye ikatangazwa kwamba huduma za kuokoa maisha, zikiwemo dawa, ziruhusiwe kuendelea. Dawa zikaendelea kutolewa. Yeye hakuitwa.

Naomba nikae kidogo hapo kwenye "mpaka utakapojulishwa," maana ndipo nyumba yetu ilipovunjikia. Aliyefukuzwa anajua kafukuzwa. Atalia siku tatu, ya nne atatafuta kibarua. Lakini huyu aliyeambiwa asubiri analala na simu kifuani. Ikilia saa tano usiku, wote mnashtuka, kumbe ni mtandao unakukumbusha kununua vifurushi. Hukopi, maana hujui utalipa lini. Huanzishi biashara, maana pengine Jumatatu wataita. Februari ikaisha hivyo. Nyumba ile tuliijenga kwa mkopo wa kikoba, na marejesho ya kikoba hayajui siku 90.

Usiku ule wa ujumbe tulikubaliana, kwa kunong'ona, kwamba watoto wasijue. Tunao watatu: binti wa kidato cha pili, wa kiume wa darasa la tano, na kitinda mimba aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza la awali. Mke wangu akaendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida. Anavaa sketi yake ya kazi, anavaa kitambulisho shingoni, anatoka nao saa kumi na mbili na nusu. Wao wanashika njia ya shule, yeye anazunguka nyuma ya stendi hadi sokoni kwa dada yake anayeuza viazi. Anavua kitambulisho, anakiweka kwenye mkoba, anakaa nyuma ya magunia mpaka saa tisa. Saa tisa anakivaa tena, anarudi nyumbani "kutoka kazini." Alifanya hivyo wiki sita. Mimi ndiye niliyemtia moyo aendelee.

Na mimi nikawa na maigizo yangu. Ulikuwa msimu wa ulanzi, nikaanza kupitia kilabuni kila jioni, mtu ambaye zamani nilikuwa napita mara moja kwa mwezi. Nikirudi, kosa dogo ni kesi. Taa ya chooni ikiachwa inawaka, nyumba nzima itasikia bei ya uniti za LUKU. Siku moja nilimfokea binti yangu kwa kubandua ganda la kiazi pamoja na nusu ya kiazi chenyewe. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni.

Mwezi Machi, jioni moja, nilihitaji bikari ya kuchorea duara kwenye andalio la somo. Nikafungua mkebe wa hesabu wa kijana wangu. Ndani, chini ya rula, kulikuwa na karatasi iliyokunjwa ikakunjwa tena mpaka ikawa ndogo kama kiberiti. Ilikuwa barua ya mchango wa mtihani kutoka shuleni kwake (hasomi ninapofundisha mimi), na tarehe yake ilikuwa imepita wiki nne. Hakuwa ametuonyesha. Chini ya barua kulikuwa na kipande cha pakiti ya Panadol, vidonge sita.

Nikamwita.

"Hizi za nini?"

"Za mama."

"Mama anaumwa nini?"

Hakujibu. Alikuwa anatazama miguu yangu. Nikarudia swali, taratibu safari hii, nikashuka nikachuchumaa. Ndipo akasema, sauti haitoki vizuri, kwamba amesikia usiku mama analia anasema dawa zikikatika watu watakufa. Na kwamba alimwona sokoni, amekaa nyuma ya magunia, hafanyi kazi, amekonda. Na kwamba mama anaenda CTC kila siku. Kwa hiyo mama ana ule ugonjwa, na Wamarekani wamezuia dawa. Hela yake ya maandazi alikuwa ananunua Panadol, moja moja, kwa ajili ya siku ile dawa zitakapokwisha.

Mhariri, mtoto huyo alikuwa na miaka 11. Alibeba kifo cha mama yake peke yake mwezi mzima, akawa anakwenda nacho shule, anarudi nacho, anakaa nacho mezani pembeni ya mimi ninayegomba kuhusu taa ya chooni. Nimefundisha miaka 19. Mtoto wa mwenzangu akianza kusinzia darasani au kuacha kula mapumziko, ninamgundua siku ya tatu. Wangu sikumwona, maana nilikuwa kwenye igizo langu, nimeshika sana nisikosee maneno.

Niseme pia hili, kwa sababu najua litasomwa vibaya: hata kama mama yake angekuwa anatumia dawa, isingekuwa hukumu ya kifo. Tunao majirani waliozianza tangu dawa za bure zilipoanza kutolewa nchini mwaka 2004, na bado wanalima, wanasomesha, wanatushinda kwenye kwaya. Hofu ya mwanangu haikutoka kwenye ugonjwa. Ilitoka kwenye mlango tuliomfungia, akasikiliza kupitia ufa, akapata maneno manne: dawa, CTC, mama, kufa. Yaliyobaki akayajaza mwenyewe. Habari ya kweli, kwamba mshahara wa mama umesimama, ilikuwa nyepesi mara mia.

Jioni ile ile tulitandika mkeka sebuleni, mke wangu akawaeleza mwenyewe. Kwanza kwamba haumwi. Alirudia mara tatu, akamvuta yule wa kiume akamkalisha karibu. Halafu kwamba kazi imesimama kwa sababu nchi iliyokuwa inailipia imesimamisha hela. Kwamba mshahara wa baba upo, mahindi yapo, shule itaendelea. Mchango wa mtihani ukatolewa hapohapo, na barua ikasainiwa. Kitinda mimba akauliza kama itarudi lini. Hapa nilifungua mdomo nitoe jibu la mwalimu. Mama yao akaniwahi, "Mwanangu, sijui." Nilidhani watalia. Kitinda mimba akauliza tena: je, mbwa wetu naye ataachishwa kazi? Tukacheka, sote watano, kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Binti mkubwa ndiye hakucheka sana. Aliuliza, "Na kikoba?" Kumbe alikuwa anajua marejesho yote, tarehe na kiasi. Na hapa nikiri kosa la pili, ili makala yenu ijayo isije ikaruka kutoka ukingo huu hadi ule. Tulipoona ameelewa, tukaanza kumtwisha. Mke wangu akawa anakaa naye usiku anahesabu madeni kana kwamba anaongea na dada yake. Baada ya wiki mbili binti akatuambia amepata nafasi ya kazi za ndani Dar es Salaam, kwa ndugu wa rafiki yake, anaweza kwenda hata kesho, ada yake iokolewe. Ameshapanga na nguo. Tulimkatalia, na kuanzia siku ile deni likarudi kwa wenye deni. Mtoto aambiwe kuna nini. Kulipa asiachiwe yeye.

Mama yangu mzazi alikuja mwezi wa nne kutoka kijijini kwetu Lupembe, na gunia la mahindi mabichi juu ya basi. Tukamsimulia yote, pamoja na habari ya kitambulisho cha sokoni. Bibi huyu alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Akanikumbusha mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, sukari ya duka la kijiji inagawiwa kwa kaya na mara nyingi haipo kabisa. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka uji wa chumvi tu. "Niliwaambia hakuna, na sijui itakuja lini," alisema. "Mkalia, mkanyamaza, mkaenda kucheza. Ningewaambia iko njiani mngekaa mlangoni mwezi mzima."

Mwandishi wenu ameshauri pia safari fupi ya familia na kumwona mshauri wa kitaalamu. Sina ugomvi na wataalamu, ila kwa nauli ya kumfuata huyo mtaalamu sisi tulilipa marejesho ya wiki mbili. Kilichotusaidia ni kitu cha hovyo kabisa: daftari la kurasa 96. Kila Jumapili baada ya ibada linafunguliwa mkekani, linaandikwa kilichoingia na kilichotoka. Mwandishi ni yule wa kiume, kwa ombi lake. Anaandika "sukari kilo 1," anaandika "LUKU," na mara moja aliandika "baba, ulanzi," akaniuliza shilingi ngapi. Nilimtajia. Sijapita tena kilabuni kwa kujificha. Nikipita, naandikwa.

Julai 1 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifunga rasmi shughuli zake. Kwa mke wangu barua ilikuwa imeshafika kabla, mkataba umekwisha, hakuna cha kujulishwa tena. Mtashangaa, lakini usiku wa barua ile alilala mpaka asubuhi. Wiki iliyofuata akanunua chupa mbili kubwa za chai, akaanza kuuza uji wa ulezi na chapati stendi, alfajiri, kwa abiria wa mabasi ya Songea na madereva wa bodaboda wanaotetemeka kwa baridi letu hili. Haujafikia mshahara. Unafika nusu, wiki nyingine theluthi. Sketi ya kazi anaivaa kanisani.

Vile vidonge sita hakuvitupa. Alivihifadhi kwenye kabati la vyombo, ndani ya kikombe kisicho na mkono. Mwezi wa nane alirudi kutoka stendi kichwa kinamuuma kweli, akajilaza, akamwita kijana akamwomba Panadol. Yule bwana alileta viwili, na maji, akasimama mlangoni mpaka alipomaliza kumeza.

Mwalimu,
Makambako, Njombe