Biafra ilishindwa baharini

Ndugu yangu Salum,

Salaam nyingi kutoka huku. Sisi wazima, na natumaini wewe na watu wa nyumbani kwako nyote hamjambo.

Barua yako imenifika, na hoja yako haijaniacha. Unasema vita vya Biafra, ile nchi ya mashariki iliyojitenga na Nigeria, viliisha siku Enugu ilipotekwa, kwa sababu nchi inayonyang'anywa makao makuu yake ndani ya miezi mitatu haina tena pa kusimama. Sikubaliani nawe. Enugu ilitwaliwa na jeshi la serikali ya shirikisho tarehe 4 Oktoba 1967, lakini Biafra haikusalimu amri hadi Januari 1970. Serikali ya Ojukwu, kiongozi wa Biafra, ilihamia Umuahia na watu wakaendelea kupigana zaidi ya miaka miwili. Kilichoivunja Biafra tukitafute kwingine, na mimi nakiona baharini.

Unakumbuka mambo yalivyoanza. Mwaka 1966 Waigbo waliuawa kwa maelfu kaskazini, na waliosalia wakakimbilia kwao mashariki, zaidi ya milioni moja. Januari 1967 Gowon, mkuu wa serikali ya Nigeria, na Ojukwu wakakutana Aburi, Ghana, wakapeana mikono, kisha kila mmoja akarudi kwake akidai wamekubaliana jambo tofauti na analodai mwenzake. Halafu tarehe 27 Mei Gowon akaigawa Nigeria katika majimbo 12. Hapo ndipo ningependa utulie kidogo na ramani. Mashariki iliyokuwa moja ikawa majimbo matatu, na Waigbo wakabaki katika jimbo la kati lisilo na pwani. Port Harcourt na Calabar, bandari zao kubwa, zikaangukia majimbo mengine. Siku tatu baadaye Ojukwu akatangaza Jamhuri ya Biafra, lakini Gowon alikuwa ameshaonyesha mahali atakapoibana. Tena aliwapa watu wa pwani, Waijaw, Waibibio, Waefik, majimbo ya kwao wenyewe, na wengi wao hawakuona tena kwa nini waipiganie Biafra.

Tarehe 6 Julai vita vikaanza upande wa kaskazini, na Nsukka ikaanguka mapema. Macho ya watu yalikuwa huko. Lakini kabla mwezi haujaisha meli za serikali zilishusha askari Bonny, pale meli zinapoingilia kwenda Port Harcourt. Mapigano ya Bonny hayasimuliwi sana, ila tangu siku ile bandari ya Port Harcourt ilikuwa imezibwa mdomo.

Kama Biafra ilipata nafasi ya kushinda, basi ni moja tu, mwezi Agosti. Tarehe 9 askari wake walivuka daraja la mto Niger kutoka Onitsha, wakaingia Asaba, na siku hiyohiyo wakaushika mji wa Benin, uliomo Nigeria, karibu bila kupigana. Aliyewaongoza alikuwa Victor Banjo, Myoruba wa magharibi, na Ojukwu alitumaini kwamba Wayoruba wataona vita hivi si vya Waigbo peke yao. Njia ya Lagos, makao makuu ya Nigeria wakati huo, ilikuwa wazi. Lakini msafara ulikaa Benin siku baada ya siku, na ulipofika Ore, serikali ilikuwa imeshapanga kikosi cha kuuzuia. Ukasukumwa nyuma, na tarehe 20 Septemba Benin ikarudi mikononi mwa Lagos. Siku mbili baadaye Banjo alipigwa risasi Enugu kwa kosa la uhaini, pamoja na wenzake watatu. Hasara ya Ore ilikuwa kubwa kuliko kupoteza mji. Wayoruba waliokuwa wakisitasita waliona jeshi la Biafra likija kwao na silaha, na kusitasita kukaisha.

Kulipiza kukawaangukia watu wa Asaba, na hapa siwezi kupita haraka. Biafra iliporudi mashariki ililipua daraja la Niger, na jeshi la serikali likaingia mjini likiwa na hasira. Tarehe 7 Oktoba wazee wa Asaba waliwakusanya watu watoke kuwapokea askari, wawaonyeshe kwamba wao ni Wanigeria. Wakavaa nguo zao nyeupe za sherehe, akwa ocha, wakapita barabarani wakicheza na kuimba kuhusu Nigeria moja. Njiani askari wakawatenga wanaume na wavulana, wakawapeleka uwanja wa Ogbe-Osowa, wakawafyatulia risasi. Walikufa mamia. Habari hizi zilipovuka mto, nani tena kule Onitsha angeamini kwamba akijisalimisha atasalimika? Ukiniuliza kwa nini Biafra haikuvunjika Enugu ilipoanguka, sehemu kubwa ya jibu langu ni Asaba.

Murtala Muhammed, kamanda wa jeshi la serikali, alijaribu kuvuka Niger uso kwa uso kuiteka Onitsha na akarudishwa kwa hasara kubwa. Ikabidi azungukie nchi kavu, akaipata Machi 1968. Mwishoni mwa mwezi huo msafara wa karibu magari 100 ulishambuliwa kwa kuviziwa Abagana, ukateketea. Ulikuwa ushindi mkubwa, lakini haukufungua bandari hata moja.

Maana upande wa kusini Benjamin Adekunle, kamanda mwingine wa serikali, na makomando wake wa majini walikuwa wakisonga. Calabar waliichukua Oktoba 1967. Januari 1968 Lagos ikabadilisha noti zake, na pesa za Kinigeria zilizokuwa Biafra, ambazo zingenunua silaha nje, zikawa karatasi. Kisha tarehe 19 Mei 1968 Port Harcourt ikaanguka, pamoja na uwanja wake wa ndege, na kiwanda cha kusafisha mafuta kilichokuwa jirani. Biafra haikuwa tena na pwani.

Linaloniuma ni kwamba hiyo ilikuwa miezi ya matumaini. Tarehe 13 Aprili Mwalimu Nyerere aliitambua Biafra, Tanzania ikiwa nchi ya kwanza. Alishikilia kwamba umoja hujengwa kwa ridhaa, na watu wasiolindwa na serikali yao hawawezi kulazimishwa kubaki chini yake. Gabon na Ivory Coast zikafuata, na Zambia ikaitambua tarehe 20 Mei, siku moja tu baada ya Port Harcourt kuanguka. Mazungumzo ya amani yakafunguliwa Kampala tarehe 23. Heshima ya kidiplomasia ilikuja wakati ambapo hapakuwa tena na gati la kuteremshia hata gunia la chumvi.

Na njaa ile, Salum, ilikuwa na sababu zake. Mihogo na viazi vikuu vililimwa ndani, lakini nyama ilitoka kaskazini, na samaki mkavu aliletwa na meli kutoka Norway. Bahari ilipofungwa, mtoto alishibishwa wanga mtupu, akavimba tumbo na miguu, nywele zikageuka rangi. Ndiyo kwashiakoo iliyoonekana kwenye picha dunia nzima. Waliokufa wanakadiriwa kati ya 500,000 na milioni 3, wengi wao kwa njaa. Chakula kilichofika kilishukia Uli, kipande cha barabara kuu kilichopanuliwa kuwa uwanja wa ndege. Ndege za makanisa kutoka São Tomé zilikuja usiku, taa zikiwashwa kwa muda mfupi tu wa kutua. Silaha nazo zilitua palepale. Lagos iliutumia mchanganyiko huo kama sababu ya kuzishambulia ndege, na Ojukwu alikataa njia ya nchi kavu kwa kuiogopa serikali. Nawalaumu wote wawili, ingawa aliyeziba bahari namlaumu zaidi.

Mwaka 1969 Umuahia ilianguka tarehe 22 Aprili, na siku tatu baadaye Biafra ikaikomboa Owerri. Watu walishangilia, na haki yao, lakini hesabu ilikuwa ileile. Obasanjo, aliyepokea kikosi cha Adekunle, ndiye aliyeikata Biafra vipande mwishoni mwa mwaka. Ojukwu akaruka kwenda Ivory Coast, na Effiong, naibu wake, akatia saini kusalimu amri Lagos tarehe 15 Januari 1970. Gowon alitangaza kwamba hakuna mshindi wala mshindwa, kisha wenye akaunti za benki Biafra wakapewa pauni 20 kila mmoja, hata awe alikuwa na akiba ya maelfu.

Sasa nijibu hili: kama Banjo asingekaa Benin, unadhani Lagos ingeanguka? Mimi naona ingeweza, lakini kwamba kuanguka kwa Port Harcourt ndiko kulikoivunja Biafra sina shaka hata kidogo. Niandikie usikawie, na wasalimie watoto na shemeji.

Wako,
Idrisa