Swali la betri liulizwe mlangoni pa ndege

Ndugu Mhariri,

Katika foleni za ukaguzi viwanjani nimesikia mara nyingi lalamiko moja: ikiwa pawabenki, ile betri ya kubebeka ya kuchajia simu, ni kitu cha hatari, mbona abiria anakatazwa kuiweka kwenye sanduku linalopakiwa na badala yake anaambiwa aingie nayo ndani ya ndege, akae nayo karibu na watoto na wazee? Lalamiko hilo lina mantiki yake, na nadhani limedumu kwa sababu abiria hupewa katazo bila kuelezwa sababu.

Moto wa betri ya lithiamu hauzimiki kama moto wa nguo. Seli moja, yaani kipande cha ndani ya betri kinachohifadhi umeme, ikipata hitilafu, iwe kwa kupondwa, kwa kupiga shoti au kwa kasoro ya kiwandani, hupanda joto yenyewe na kuiunguza seli ya jirani, nayo ikaiunguza inayofuata. Gesi ya haloni inayotumika kuzima moto katika sehemu ya mizigo huweza kufifisha miali, lakini haipoozi seli, kwa hiyo joto huendelea kutambaa ndani ya betri. Kinachotakiwa ni maji na mtu wa kuyamwaga, na mtu huyo ni mhudumu aliye pamoja na abiria. Ndege ya mizigo ya kampuni ya usafirishaji ya UPS iliyoanguka Dubai tarehe 3 Septemba 2010 ilikuwa na shehena kubwa ya betri za lithiamu. Moto ulizuka kwenye shehena hiyo, moshi ukajaa chumba cha marubani hadi wakashindwa kusoma vipimo vyao, na wote wawili wakafa.

Kwa hiyo siipingi kanuni. Ninachopinga ni jinsi inavyofikishwa kwa msafiri. Kanuni inazungumza kwa wati-saa, kipimo cha nishati inayohifadhiwa na betri: betri isiyozidi wati-saa 100 hubebwa bila kuomba ruhusa, inayozidi 100 hadi 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege, na za akiba za ukubwa huo zisizidi mbili, iliyo kubwa zaidi hairuhusiwi, ukiacha za viti vya magurudumu zenye utaratibu wake. Lakini pawabenki nyingi huandikwa kwa herufi kubwa miliampea-saa (kipimo cha chaji inayobebwa na betri), na wati-saa, zikiwepo, huandikwa kwa herufi ndogo zinazofutika upesi. Abiria akitaka kujua inambidi azidishe miliampea-saa kwa volti kisha agawanye kwa 1,000. Ya miliampea-saa 20,000 yenye seli za volti 3.7 ni wati-saa 74 tu, lakini anayetumia kimakosa volti 5 za tundu la kuchajia atapata 100 kamili na kuanza kuhangaika bure.

Pengo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, liko mlangoni pa ndege. Makabati ya juu yakijaa, mfanyakazi hukusanya mabegi ya mkononi ili yapelekwe chini, na hapo ndipo betri zilizopita ukaguzi kihalali zinapoishia mahali zilipokatazwa. Mimi mwenyewe begi langu limewahi kuchukuliwa namna hiyo bila kuulizwa neno, na nilipokumbuka pawabenki iliyokuwa mfuko wa pembeni, ilinibidi nirudi mbio kulifungua huku abiria wenzangu wakinung'unika nyuma yangu.

Naomba mashirika ya ndege yawaagize wafanyakazi wao wasilipokee begi lolote mlangoni kabla ya kuuliza, na wavitaje vitu kwa majina yake: pawabenki, betri za akiba za kamera, sigara za kielektroniki. Kuuliza kama kuna "bidhaa hatarishi" hakusaidii, maana hakuna anayeiona chaja yake ya kila siku kuwa bidhaa hatarishi. Wakati huo huo abiria akumbushwe kuzikinga ncha za betri za akiba, kwa kuziba kwa utepe au kuitia kila moja katika mfuko wake, kwani betri iliyolala pamoja na funguo na sarafu inaweza kupiga shoti hata ikiwa ndogo. Na watengenezaji nao waandike wati-saa mahali panapoonekana, kwa ukubwa ule ule wanaoutumia kutangaza miliampea-saa.

Wako,
Msafiri wa mara kwa mara