Msambu sio mbegu tu, wanafunzi wetu wakate na jani walichungulie

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua niongelee mti wetu wa msambu, ule wataalamu wanaouita Allanblackia stuhlmannii. Mti huu dunia nzima haupo isipokuwa Tanzania, kwenye misitu ya milima kama Usambara, Nguru, Uluguru na Udzungwa, na tayari umeingizwa kwenye orodha ya miti iliyo hatarini. Huku Amani, wilayani Muheza, unaukuta umeachwa shambani uwe kivuli cha iliki, matunda makubwa ya kahawia yananing'inia juu, yakidondoka ni nyie na panya buku nani awahi, maana na yeye anazibeba mbegu anaenda kuzificha.

Sasa hizo mbegu zimechunguzwa sana tu, kwa sababu pesa ipo pale. Mafuta yake karibu yote ni asidi mbili za mafuta, stiariki na oleiki, ndo maana ukishayachemsha ukayaengua ukayaacha kwenye bakuli yanaganda yenyewe kama samli, na hayayeyuki mpaka yapate joto linalokaribia la mwili. Viwanda vya majarini vinakitafuta sana kitu kama hicho, na mwaka 2008 Umoja wa Ulaya ukaruhusu mafuta hayo yatumike kwenye chakula huko kwao. Sawa, safi, watu wameuza mbegu wakalipa ada za watoto, mi silalamikii hilo.

Ila mti una na gome, una na jani. Kwangua gome la msambu kidogo tu utaona utomvu wa njano unachuruzika, na utomvu huo haukai ovyo ovyo, una vijimfereji vyake ndani ya mti. Mwanafunzi akichukua jani akalibana katikati ya kipande cha karoti ili lisimteleze, akakata kwa wembe mpya kipande chembamba mpaka kipitishe mwanga, akaweka kwenye maikroskopu, vijimfereji hivyo atavikuta ni vitundu vya mviringo vimezungushiwa seli ndogo ndogo. Kazi ya wembe na karoti hiyo, haihitaji mfadhili.

Na humo ndani kuna mambo. Mwaka 1999 watafiti wa taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani walichapisha kwamba kwenye msambu wamepata kemikali mpya, wakaiita gutiferoni F, na kwenye vipimo vya maabara ilionekana kuzuia virusi vya ukimwi. Jamani nasema MAABARA, sio mwili wa mtu, haina maana msambu unatibu ukimwi, nalisisitiza hili maana nawajua watu, kesho utakuta mtu humu mitandaoni anauza maji ya magome kwenye chupa. Na mti ukiuchuna gome mzunguko mzima umeuua, kwa sababu chakula kinachotengenezwa na majani kinashukia kwenye mizizi kupitia hapo hapo kwenye gome la ndani, mizizi ikikosa chakula basi tena. Lakini hebu jiulize, ni wangapi Muheza nzima wanaijua habari ya hiyo gutiferoni? Waliozaliwa mwaka huo wameshakuwa wazazi.

Mimi ninachotaka hasa ni hiki. Msambu una mti dume na mti jike, matunda anazaa jike, dume kazi yake ni poleni, ule unga wa maua unaorutubisha maua ya jike. Mche ukiwa kitaluni hauoni tofauti yoyote, unapanda, unapalilia, unasubiri, inaweza kupita miaka kumi na zaidi ndo utoe maua ujue ulikuwa unalea dume. Kubebesha kikonyo cha jike, yaani kuunganisha kijitawi cha mti jike kwenye mche, kunasaidia, ndiyo, ila kunataka fundi, na bado madume wachache lazima uwe nao shambani. Sasa nyie mnaofundisha botania na kemia vyuoni, wapeni vijana swali hili kwenye tafiti zao za mwisho: je, jani linaweza kutuonyesha dume na jike kabla ya maua? Wachukue majani ya miti ambayo jinsia yake inajulikana, wayakate, wayalinganishe vijimfereji, vinyweleo, matundu ya hewa, halafu waloweke unga wa majani kwenye spiriti wapandishe kwenye vile vibao vya kromatografia, vinavyotenganisha kemikali, waone kama dume na jike wanatoa madoa tofauti. Wakikosa tofauti nayo ni taarifa, waandike hivyo hivyo.

Halafu majibu yarudi. Kuna watu walishakuja kuchukua majani na magome shambani kwa mzee wangu, wakapewa na maji ya kunywa na mtu wa kuwaonyesha njia, wakaahidi kuleta ripoti, hadi leo kimya. Hatutaki kitabu, ukurasa mmoja wa Kiswahili unatosha, ubandikwe ofisi ya kijiji na nakala ipelekwe shule ya sekondari, watoto wajue kilichokutwa kwenye mti wanaoupita kila siku.

Kwa mwalimu atakayekuwa tayari, atoe taarifa mapema kabla ya msimu wa maua kupitia serikali ya kijiji, tutaifunga miti kamba za rangi mbili, dume na jike, wazee huku wanaijua mmoja mmoja.

Ni mimi msomaji wenu,
Mkulima wa iliki, Muheza, Tanga