Asali hupimwa mlangoni, rafu nazo zipimwe

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili tangu nikiwa karani wa chama cha ushirika cha tumbaku, na katika miaka yote hiyo sijawahi kukuandikia. Taarifa yenu kuhusu maduka makubwa kuwafuta wasambazaji wadogo wasiotimiza masharti ya usalama wa bidhaa ndiyo iliyonishikisha kalamu, kwa kuwa msemaji mliyemhoji alieleza kana kwamba bidhaa huharibikia kwetu tu, na mwandishi wenu hakumuuliza hata swali moja kuhusu yanayotokea mzigo ukishapokewa.

Mimi ni mfungashaji wa asali hapa Tabora, na asali yangu hutoka kwa warinaji wa Sikonge. Masharti siyapingi. Tangu usimamizi wa usalama wa chakula ulipohamia Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019 kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), nimesajili jengo, nimechukua barua ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, nimepeleka sampuli na nimepata alama ya ubora. Duka nalo likaongeza ya kwake: bakodi inayoanza na 620, namba ya Tanzania, namba ya bechi, yaani fungu lililofungashwa pamoja, kwenye kila chupa, na daftari linaloonyesha kila ndoo ilitoka kwa mrinaji yupi. Niliyatimiza yote kwa moyo mweupe, kwa sababu nimeiona kwa macho yangu asali iliyorinwa kabla nyuki hawajaziba masega ikichacha hadi kufumua vifuniko, na mnunuzi aliyesimama dukani hana namna ya kulitambua hilo kwa kuitazama chupa.

Mwaka jana, mwishoni mwa Agosti, nilipeleka katoni nne, yaani chupa 48, katika tawi moja la maduka hayo. Kiasi cha maji kilipimwa mlangoni kwa kifaa chao na kwa changu, vyote vikasoma asilimia 18, wakati kiwango cha kimataifa cha Codex kinaruhusu hadi asilimia 20, na mpokea mzigo akasaini. Nilipopita pale katikati ya Septemba nilizikuta chupa zangu zimepangwa nyuma ya kioo kinachotazama magharibi, jua la saa kumi likizipiga moja kwa moja, na kila mkazi wa Tabora anajua joto la Septemba na Oktoba kabla mvua hazijaanza. Nilimwomba msimamizi wa rafu azihamishe, akanijibu kwamba mpangilio huamuliwa makao makuu. Nilimpigia simu mnunuzi wa makao makuu, akaniambia niandike barua pepe. Niliandika mbili, na hakuna iliyojibiwa. Novemba nilirudishiwa chupa zilizosalia pamoja na barua isemayo kwamba mteja amelalamika, sampuli imepimwa, HMF imezidi kiwango, bechi nzima imeondolewa, na gharama za maabara na za usafiri zitakatwa katika ankara yangu. Kwa msomaji asiyeifahamu, HMF ni kemikali inayojitengeneza sukari ya asali inapopata joto; Codex huruhusu miligramu 40 kwa kilo, na 80 kwa asali ya nchi za joto kama yetu. Asali ikikaa kwenye nyuzi 40 yaweza kufikia miligramu hizo 40 kwa majuma machache tu, ilhali ikiwekwa mahali penye giza na ubaridi hukaa muda mrefu sana bila kufika huko. Mimi nilikuwa na chupa tatu za bechi hiyo hiyo kabatini, sampuli za akiba ambazo masharti yao wenyewe yananitaka nizitunze. Nilipeleka moja maabara kwa fedha yangu, ikasoma miligramu 14. Ni asali ya ndoo ile ile, iliyofungashwa siku ile ile na mikono ile ile. Nilipowatumia cheti hicho nilijibiwa kwamba mkataba unamwajibisha msambazaji hadi tarehe ya kuisha matumizi, popote bidhaa itakapokuwa, na kwamba suala hilo limefungwa. Lebo yangu imeandikwa kwa herufi zinazosomeka kwamba asali ihifadhiwe mbali na jua. Nani aliyewajibika kuisoma?

Kuna na suala la malipo. Mkataba unasema siku 30. Katoni zilizotangulia hizo nililipwa siku ya 94. Mrinaji wa Sikonge mwenye ada ya shule ya mtoto hawezi kuningoja kiasi hicho, hivyo humuuzia mchuuzi mwenye fedha taslimu, ambaye huimimina asali ile safi kwenye dumu lililokuwa na mafuta ya kula, na hapo daftari langu la kufuatilia ndoo linabaki na kurasa tupu. Wanaodai usalama wa chakula wakumbuke kwamba kuchelewesha malipo nako huuharibu.

Ninapendekeza mambo mawili, na nayataka yaandikwe ndani ya mkataba. Kwanza, kila rafu ya chakula iwe na kipimajoto, kisomwe saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na namba iandikwe kwenye daftari lenye saini ambalo msambazaji ana haki ya kuliona. Pili, kila bechi itolewe chupa tatu zenye lakiri wakati wa kupokea mzigo: moja ibaki kwa msambazaji, moja dukani kwenye stoo yenye kivuli, na moja kwa afisa biashara wa halmashauri, na pasikatwe hata shilingi kwenye ankara kabla ya chupa hiyo ya tatu kupimwa.

Chupa mbili za bechi yangu ya Agosti bado ninazo. Niko tayari kuzitoa zote zipimwe mbele ya mnunuzi wa maduka hayo, siku yoyote atakayoitaja yeye.

Mfungashaji wa asali,
Tabora