Mashine ikiziba, mikono nje

Minneapolis, Marekani

Mdogo wangu Athumani,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo haina adabu. Mama ameniambia viza yako imetoka, na kwamba umeshaanza kuulizia makoti pale Marikiti. Usinunue, nimekuwekea ya huku. Nakuandikia kwa jambo jingine. Kazi utakayoanza nayo ni hii yangu, ya kuondoa theluji kwenye nyumba za watu, nami nakujua wewe na mikono yako.

Mjini hapa mwenye nyumba ana saa 24 baada ya theluji kukatika awe ameshasafisha njia ya waendao kwa miguu mbele ya kwake. Ndiyo riziki yetu hiyo. Mashine yenyewe unatembea nyuma yake. Mbele ina parafujo kubwa la chuma lenye meno, linakokota theluji na kuileta katikati; nyuma ya parafujo ipo feni ya kasi, inaichota na kuirusha nje kupitia bomba. Theluji kavu haina taabu, inaruka kama unga. Kesi ni ile ya majimaji, baridi ikiwa karibu na nyuzi 0. Inashikana, inajaa bombani, utasikia injini inaguna na nje hakitoki kitu.

Hapo sasa. Pale Kongowea kwenye mashine ya miwa nimekuona mwenyewe: muwa ukikwama unausindika kwa kiganja huku magurudumu yanazunguka, na wateja wanakuchekea. Tabia hiyo iache Mombasa. Huku ikiziba, achia vishikio, zima injini, chomoa ufunguo, ungoje mpaka kila kinachozunguka kisimame kabisa. Kisha shika kijiti. Mashine nyingi huja na chake cha plastiki, kimebanwa papo hapo juu yake. Kikipotea, mpini wa fagio unatosha. Mkono hauingii, hata injini ikiwa imezimwa. Theluji iliyobana feni inaweza kuacha nguvu imejificha mle ndani, na ukikitoa tu kile kipande kilichobana, feni inaruka ghafla. Haihitaji hata mzunguko mzima. Jirani yangu mmoja, mtu mzima na akili zake, alikatwa ncha za vidole hivyo hivyo, injini kimya. Na glavu alivaa.

Ili isizibe ovyo, mimi hupuliza dawa ya silikoni ndani ya bomba kabla ya kuanza. Theluji ikiwa nzito nachukua upana mdogo, injini naiacha ingurume kwa nguvu zote, mwendo wangu ndio naupunguza. Wanaokwenda mbio ndio utawakuta wameinama kila nyumba wanachokoa.

Utaona wenzako wamefunga vishikio kwa kamba ili wapumzishe vidole. Usiwaige. Vimewekwa ili ukiteleza ukaviachia, meno yasimame. Petroli jaza ukiwa nje na injini imepoa, wala usiiwashe ndani ya gereji hata ukiacha mlango wazi. Moshi wake una sumu isiyo na harufu. Bomba usilielekeze kwa mtu wala gari, maana hurusha na kokoto. Tena parafujo likigonga jiwe, kuna pini ndogo hukatika kwa makusudi ili giaboksi isalimike. Najua ufundi wako, utataka kutia bolti yoyote ngumu uliyoiokota. Tia pini yake, bwana. Giaboksi ni ghali.

Nasikia Dada Rukia anakufumia skafu ya kufika magotini. Mshukuru sana, lakini ncha zikining'inia kazini parafujo litazibugia na wewe nyuma yake. Mwambie uzi uliobaki afume kofia ya kufunika masikio. Ukishakata tikiti nitumie tarehe na saa, nipange na tajiri wangu nije kukupokea.

Ndugu yako,
Kassim